Asiklovia: dawa inayowashwa na kirusi chenyewe

Nashinda na dawa za virusi kila siku lakini asiklovia bado inanifurahisha, maana ile tembe unayomeza kwa ajili ya mkanda wa jeshi au malengelenge ya mdomoni ikiingia ndani ya seli imelala tu. Ili iamke lazima ipachikwe fosfeti tatu (vipande vidogo vya kemikali vyenye fosforasi), na ile ya kwanza, hapo ndo penye raha, inapachikwa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe, kinaitwa kinasi ya thimidini. Seli isiyo na kirusi inaigusa kidogo sana, kwa hiyo dawa inapita zake. Kwenye seli yenye maambukizi kirusi kinapachika ya kwanza, vimeng'enya vyetu vinamalizia mbili zilizobaki, basi kimejichimbia kaburi.

Sasa ikishapata fosfeti tatu inafanana na guanosini, moja ya herufi za DNA, kirusi kikiwa kinajinakili polimerasi yake, kimeng'enya kinachounga herufi za DNA, inaiokota na kuiunga kwenye mnyororo bila kushtuka. Tatizo ni kwamba sukari yake imekatwa, ile sehemu ambayo herufi inayofuata ingeshika haipo kabisa, ni kama behewa lisilo na ndoano nyuma, treni inaishia hapo. Gertrude Elion, ambaye maabara yake ndo ilitoa dawa hii, alipata Nobel 1988, na kwa maoni yangu alistahili.

Kwa VVU mambo ni magumu zaidi, kirusi hicho hakina kinasi ya kutusaidia, kwa hiyo zidovudini (iliruhusiwa Marekani 1987) inawashwa na seli zetu wenyewe, zenye VVU na zisizo nayo, na usalama unategemea polimerasi ya kirusi kudanganyika kuliko zetu. Stavudini, dawa nyingine ya VVU, ilidanganya hadi polimerasi ya mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli zetu, ndo maana watu walikuwa wanapata ganzi, miguu kuwaka moto, mashavu kubonyea.

Tukirudi kwa asiklovia, usisubiri. Dawa inakamata kirusi kinachojinakili tu, kile kilicholala kwenye neva hakiguswi, ndo maana malengelenge hurudi, na mkanda wa jeshi tunataka uanze dawa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Usugu nao mara nyingi unakuja kirusi kikiacha kutengeneza ile kinasi, hapo tunahamia foskaneti, dawa nyingine ya virusi, haihitaji kuwashwa na mtu, ila inapitia mshipani na figo lazima zichungwe.