Kupunguza vijusi kwenye mimba ya watatu au wanne: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwanamke wa Masasi au Nachingwea aliyepewa dawa za kupevusha mayai anaweza kuambiwa amebeba watatu, hata wanne. Ndipo ushauri unapoanza kumiminika, mwingi wake wa barazani, kuhusu kupunguza vijusi, yaani kuusimamisha moyo wa kijusi kimoja au zaidi ili wabaki wachache.

Dhana: Kijusi kimoja kikisimamishwa, wote huharibika.

Ukweli: Mimba yote kutoka ni hatari iliyopo, lakini kwa daktari mzoefu wajawazito walio wengi huendelea hadi kujifungua. Upunguzaji hufanywa kati ya wiki ya 11 na ya 14 ya mimba, kwa sindano ya potasiamu kloridi inayoongozwa na utrasaundi. Watu husahau kuwa kuwaacha wote nako kuna hatari: mapacha watatu huzaliwa wastani wa wiki ya 32 au 33, wawili wiki ya 35 au 36. Tofauti hiyo ni mapafu, joto la mwili na uwezo wa kunyonya. Sasa fikiria njiti watatu wazaliwe Newala usiku wa masika, na safari ya Mtwara mjini bado inawangoja.

Dhana: Kilichosimamishwa huoza na kumdhuru mama.

Ukweli: Hunyauka au kufyonzwa na mwili. Mabaki, yakiwepo, hutoka na kondo siku ya kujifungua.

Dhana: Sindano ni ile ile kwa kila mimba.

Ukweli: Hapa ndipo penye uzito. Vijusi vinavyochangia kondo mishipa yao huwa imeungana. Dawa ya mmoja humfikia mwenzake, au damu ya aliyebaki humhamia aliyekufa, naye akafa au akaumia ubongo. Kwao hutumika njia nyingine, kama kuziba kamba ya kitovu ya kijusi kwa joto. Idadi ya makondo huonekana vizuri kabla ya wiki ya 14. Kungwi, pamoja na hekima yake yote, hawezi kuijua kwa kupapasa tumbo, na anayeanza kliniki mimba ikiwa na miezi sita amechelewa.

Dhana: Wakibaki wawili, mambo yamekwisha.

Ukweli: Mimba ya mapacha bado huandamwa na shinikizo la damu, kifafa cha mimba na kuzaa mapema.

Dhana: Mizizi au vidonge vya kimyakimya hupunguza mmoja.

Ukweli: Hakuna dawa ya kunywa inayochagua. Hutoa wote, au humwacha mama akivuja damu. Isitoshe, sheria ya Tanzania inakataza kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama, kwa hiyo jambo hili ni la kupelekwa kwa bingwa wa uzazi, na mapema.