Protini rekombinanti ya binadamu: binadamu yupo wapi hapo?

Mumiani bado wanatajwa Bagamoyo. Kijana akisema barazani kwamba maabara ya chuo chake imeagiza "protini rekombinanti ya binadamu", kahawa haijapoa watu wameshakamuliwa damu ikauzwe kwenye vichupa. Wanaovumisha hivyo nawaelewa, maana hakuna aliyewaeleza. Wanaonisikitisha zaidi ni waliosoma bayolojia wakashikilia kwamba ni protini za watu zilizochanganywa na za bakteria.

Maana yenyewe ni fupi. Ni protini iliyotengenezwa na kiumbe, kama bakteria au hamira, au na seli zinazokuzwa maabara, baada ya kupandikizwa DNA iliyounganishwa upya. Kilichounganishwa ni DNA. Protini yenyewe haikuchanganywa na kitu.

Tabu iko kwenye "ya binadamu". Hapo unatajwa mfuatano wa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, unaofuata jeni ya mtu, basi. Utenzi uliotungwa Pangani ukanakiliwa Lamu, kwa wino na karatasi ya mwingine, bado ni wa mtungaji wa Pangani.

Chukua SRSF1, protini yenye asidi amino 248. Jeni zetu nyingi zina vipande vinavyobeba maagizo ya protini, yaani eksoni, na katikati yake introni, ambazo hazihitajiki katika maagizo hayo. Phillip Sharp na Richard Roberts, kila mmoja na wenzake, waligundua jambo hilo mwaka 1977, na wawili hao wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. RNA inaponakiliwa kutoka kwenye jeni, introni hukatwa na eksoni zikaungwa ndipo ipatikane mRNA iliyokamilika, yaani nakala ya maagizo ambayo seli huisoma kutengeneza protini. SRSF1 ni miongoni mwa protini zinazosaidia kuonyesha pa kukata.

Sasa bakteria wa E. coli, anayetumika sana kutengenezea protini maabara, hana mtambo huo wa kukata. Ukimpa jeni ya SRSF1 kama ilivyo kwenye kromosomu ya mtu, ataisoma pamoja na introni zake na protini haitapatikana. Kwa hiyo hupewa DNA iliyonakiliwa kutoka kwenye mRNA ambayo introni zake zimeshaondolewa. Siku hizi mara nyingi DNA hiyo huundwa kwa kemia, kwa kufuata mfuatano uliohifadhiwa kwenye kompyuta, bila kugusa mwili wa mtu yeyote. Mimi hapo ndipo ninapoona uzuri wa kazi hii: kiumbe asiyejua kabisa kukata introni ndiye anayetutengenezea protini ya ukataji.

Lakini pia tusivuke mpaka tukasema ni ileile kwa kila kitu. Mara nyingi huongezwa mkia wa histidini sita, histidini ikiwa aina mojawapo ya asidi amino, ili protini inaswe na nikeli wakati wa kuisafisha. Mkia huo haumo katika SRSF1 ya mtu yeyote. Na ndani ya seli zetu serini nyingi za SRSF1, nazo ni asidi amino, hubandikwa fosfeti, kazi ambayo E. coli wa kawaida haifanyi. Anayepima utendaji wake asipolikumbuka hilo atapotoka.

Zipo kweli protini zinazotoka katika damu ya watu. Albumini ya hospitali husafishwa kutoka kwenye plazma, yaani majimaji ya damu, ya wachangiaji. Fakta VIII, protini ya kugandisha damu wanayopewa wagonjwa wa hemofilia, nayo ilitoka huko, na miaka ya 1980 wengi wao waliambukizwa VVU kwa njia hiyo. Ile ya rekombinanti iliidhinishwa Marekani mwaka 1992, ikapunguza kutegemea damu ya watu. Insulini rekombinanti ya binadamu iliitangulia, mwaka 1982, na wazee wetu wenye kisukari wanajichoma insulini ya namna hiyo.

Wala si kila rekombinanti ni ya binadamu. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa hapa Bagamoyo na kule Korogwe, ina protini rekombinanti iliyotengenezwa na hamira, ila mfuatano wake ni wa kimelea cha malaria na wa kirusi cha homa ya ini B.

Ndiyo maana naomba tutaje vyote viwili, mfuatano na mtengenezaji: SRSF1 ya binadamu, iliyotengenezwa na E. coli. Kibandiko cha kichupa kwa kawaida huandika hivyohivyo, kila kimoja kwenye mstari wake.