Maana ya filamu inayotokana na riwaya: mfano wa "Mashimo ya Mfalme Sulemani"

Filamu inayotokana na riwaya ni filamu ambayo watengenezaji wake wamechukua hadithi iliyokwisha kuandikwa kitabuni, wakaisimulia upya kwa picha, sauti na uigizaji. Si nakala ya kitabu. Riwaya inayomchukua msomaji siku kadhaa hulazimika kuenea katika saa mbili hivi, na mawazo ya msimulizi hayana budi kuonekana usoni mwa mwigizaji. Kwa hiyo mwandishi wa skripti hupunguza, huunganisha na mara nyingi huongeza.

Hadithi za kutafuta hazina zimehamishiwa kwenye filamu mara nyingi, na kwa msomaji wa Dar es Salaam iliyo karibu zaidi ni "Mashimo ya Mfalme Sulemani", riwaya ya Mwingereza H. Rider Haggard ya mwaka 1885, inayofahamika kwetu kwa tafsiri ya Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ilipoanzishwa mwaka 1930 na makao yake kuwekwa katika mji huu. Kitabuni, mwindaji Allan Quatermain anawaongoza Sir Henry Curtis na Kapteni Good kumtafuta ndugu yake Curtis, aliyepotea akifuata almasi za Sulemani, na hakuna mwanamke wa Kizungu katika msafara wao. Filamu ya mwaka 1937 ilimwingiza binti anayemtafuta baba yake. Ya mwaka 1950, iliyopigwa kwa sehemu hapa Tanganyika, ikamleta mke anayemtafuta mumewe. Na ya mwaka 1985, iliyopigwa Zimbabwe, ikarudia habari ya binti na baba. Badiliko hilo si dogo, kwa sababu safari iliyosukumwa na deni la undugu inageuka kuwa kisa cha mapenzi, na hapo naona kitabu kilipoteza uzito wake.

Hata hivyo, kuna badiliko ninalolitetea kwa dhati. Umbopa, anayeanza kama mtumishi wa msafara, ndiye mrithi halali wa kiti cha ufalme kilichoporwa na Twala, mtawala wa nchi ambayo msafara unaifikia. Haggard aliandika vita virefu vya kukirudisha kiti hicho, lakini pambano la mwisho akampa Sir Henry, ambaye ndiye anayemuua Twala. Filamu ya mwaka 1950 ilivifuta vita karibu vyote, lakini ikamwacha Umbopa apigane na Twala mwenyewe, ana kwa ana. Ufupisho uliotokana na uhaba wa muda ukampa Mwafrika ushindi ambao kitabu kilimnyima.

Kazi ya namna hii haiishii studioni. Katika vibanda umiza vya Dar es Salaam, yaani vibanda vidogo vya kuonyeshea filamu kwa kiingilio, msimulizi anayeingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu ya kigeni hufupisha mazungumzo, hufafanua mila za ugenini na huongeza maneno ambayo wahusika hawakuyasema, na hivyo mtazamaji wake hupata hadithi iliyokwisha kusimuliwa upya kwa mara ya pili.