Mkasi Ulikuwa Mkononi mwa Nani? Paul Robeson kwa jicho la mhariri wa filamu

Mwaka 1934, katika chuo cha lugha za Mashariki jijini London, hicho tunachokijua leo kwa jina la SOAS, kulikuwa na mwanafunzi wa Kiswahili aliyeshahitimu sheria Chuo Kikuu cha Columbia, aliyewahi kuwa nyota wa futiboli ya Kimarekani, na ambaye sauti yake nzito ilikuwa ikijaza kumbi za Ulaya na Marekani. Paul Robeson, mtoto wa mchungaji aliyezaliwa utumwani na kutoroka, alitaka kuijua Afrika kupitia lugha zake. Alisoma Kiswahili, akasoma na lugha nyingine za Kibantu. Katika mwaka huohuo alikubali kuigiza kwenye filamu ya Kiingereza kuhusu Afrika, na akaikubali kwa furaha kwa sababu zilezile zilizompeleka darasani. Filamu hiyo ilimuumiza kuliko nyingine zote alizowahi kucheza.

Mimi ni mhariri wa filamu. Kwa miaka 17 kazi yangu imekuwa kukaa kwenye chumba chenye giza nikiunganisha vipande vilivyopigwa na wengine, na kijana anayekuja kujifunza kwangu namkalisha kwanza mbele ya Robeson kabla hajagusa programu yoyote. Nafanya hivyo kwa sababu sijaona kazi ya mwigizaji mwingine inayoonyesha wazi kiasi hicho kitu ambacho watazamaji hawakioni: kwamba swali la kwanza kuhusu mwigizaji si anaigiza vizuri kiasi gani. Ni nani mwenye mkasi.

Mwigizaji wa jukwaani anamiliki muda wake. Akitaka kunyamaza kabla ya neno, ananyamaza, na ukumbi mzima unamsubiri. Wa filamu hana muda huo. Anatoa uso, sauti na mwendo, anapokea malipo, anakwenda nyumbani. Halafu mimi ndiye ninayeamua alikuwa anamtazama nani. Uso uleule nikiuweka baada ya picha ya jeneza unakuwa wa msiba, nikiuweka baada ya sahani ya pilau unakuwa wa njaa. Mrusi Lev Kuleshov alilionyesha jambo hili karne moja iliyopita, na kila mhariri analitumia kila siku, awe amesikia jina lake au hajalisikia.

Robeson alikutana na mkasi mapema. Filamu yake ya kwanza, ya mwaka 1925, iliongozwa na Oscar Micheaux, mtu mweusi aliyejitafutia mwenyewe mitaji na watazamaji. Robeson alicheza wahusika 2, mhubiri tapeli na ndugu yake mwema. Ungedhani hapo angalau kazi ilikuwa salama, lakini wakaguzi wa New York walimlazimisha Micheaux kukatakata mkanda wake. Mwaka 1933 ikaja filamu ya sauti iliyotokana na tamthilia ya Eugene O'Neill, ile iliyokuwa imempa Robeson jina jukwaani. Kuna tukio ambalo mhusika wake, akiwa mfungwa, anamuua mlinzi mweupe. Pigo lenyewe liliondolewa. Tena, mwigizaji mwenzake, Fredi Washington, alikuwa na rangi nyeupe kiasi kwamba wakubwa waliogopa watazamaji wangemdhania mzungu mikononi mwa mtu mweusi. Wakampaka rangi ya kumtia weusi, wakapiga upya.

Sasa nije kwenye ile filamu ya London, iliyotoka mwaka 1935. Inaitwa Sanders of the River. Mtayarishaji alikuwa Alexander Korda, mwongozaji ndugu yake Zoltan. Zoltan alikuwa amekaa miezi Afrika akipiga picha za ngoma, nyimbo na safari za mitumbwi, na hicho ndicho kilichomvutia Robeson. Alipoyaona na kuyasikia yale aliamini kwamba hatimaye kungekuwa na picha inayoonyesha watu wa Afrika wakiwa na utamaduni wao, kwa heshima. Akakubali kucheza Bosambo, chifu. Yeye mwenyewe hakusafiri. Kijiji kilijengwa Shepperton, pembeni mwa London, wakakusanywa watu weusi waliokuwa wakiishi Uingereza kuwa wanakijiji. Miongoni mwao alikuwemo Jomo Kenyatta, wakati huo mwanaharakati asiye na fedha ugenini. Ukiitazama leo unaweza kumwona kwa sekunde chache kati ya machifu, na mimi kila mara hapo nasimamisha picha.

Mhariri mzoefu huona pale palipounganishwa. Kuna shoti ya wachezaji ngoma, jua ni la kwetu, vumbi ni la kwetu. Inafuata shoti ya Robeson, na mwanga unabadilika ghafla: vivuli vina ncha kali, nyuma yake kumelala kama ukuta uliochorwa. Kisha tunarudi kwa wachezaji. Robeson na wale watu hawakupata kukanyaga ardhi moja, ila kwenye mkanda wanaitikiana. Kazi ya mikono ni nzuri, siwezi kukataa. Tatizo ni mahali ilikopelekwa. Picha zote za Zoltan, ambazo zingeweza kusimama zenyewe, zimefanywa pazia la nyuma la hadithi ya mkuu wa wilaya wa Kiingereza: akiwepo kuna amani, akienda likizo nchi inawaka moto, akirudi kila mtu anatulia.

Kabla ya picha ya kwanza kuna maandishi yanayowasifu wale wazungu wachache wanaotunza amani ya Mfalme barani Afrika. Wanafunzi wangu huwa wanayapita haraka, na mimi huwarudisha. Maandishi ya mwanzo ni ufunguo wa nyumba nzima. Ukishamwambia mtazamaji kwamba shujaa ni fulani, kila uso utakaofuata ataupima kwa shujaa yule. Ngoma ileile ambayo ingekuwa sherehe inakuwa tishio linalosubiri kudhibitiwa. Hakuna aliyebadilisha fremu moja ya ngoma, ila maana yake yote imehama. Robeson alisema baadaye kwamba upande huo wa kuutukuza ukoloni uliingizwa siku 5 za mwisho za upigaji. Wengine wamemwona kama anajitetea. Mimi namwamini, kwa sababu siku 5 ni nyingi mno. Nipe siku moja ya shoti za nyongeza na ukurasa wa maandishi ya mwanzo, na naweza kuigeuza filamu yako ikasema kinyume cha ulichokusudia.

Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachomheshimia kama mtu wa kazi hii. Kwenye filamu iliyofuata kwa Waingereza, mwaka 1936, alidai na kupata kwenye mkataba haki ya kuidhinisha uhariri wa mwisho. Waigizaji wakubwa wa leo wanaigombania haki hiyo na wengi hawaipati. Fikiria mtu mweusi kuipata miaka ile. Alikuwa ameshaelewa ugonjwa uko wapi. Hakuomba maneno mazuri zaidi wala mavazi bora, aliomba kukaa mlangoni pa chumba changu.

Mwaka huohuo, huko Hollywood, aliimba kwenye filamu ya Show Boat iliyoongozwa na James Whale, na hapa lazima niseme kwamba mkasi si adui siku zote. Robeson ameketi gatini, kamera inamzunguka polepole wakati anaanza wimbo wa mto. Halafu picha zinayeyuka moja ndani ya nyingine: mwili umeinama chini ya robota la pamba, mtu yuko nyuma ya nondo za gereza. Sauti haikatiki, inavuta picha zote kama mkondo. Dakika hizo chache ni somo zima la namna uhariri unavyoweza kumtumikia mwimbaji badala ya kumtumia.

Lakini wimbo wenyewe ulimkera. Ulitungwa na Jerome Kern na Oscar Hammerstein, na maneno yake yalimchora mtu mweusi aliyechoka kuishi na anayeogopa kufa. Robeson alikuwa ameuimba tangu mwaka 1928 London kama ulivyoandikwa. Kwenye matamasha yake, kuelekea mwisho wa miaka ya 1930, akaanza kuuhariri mwenyewe: yule aliyechoka akawa mtu atakayeendelea kupambana hadi kufa kwake. Muziki uleule, sauti ileile, na pale ambapo zamani sauti ilishuka kwa unyonge sasa ilibidi ipande. Sikiliza rekodi za vipindi hivyo viwili kwa mpangilio, utasikia jinsi neno moja linavyobadilisha pumzi ya mwimbaji. Jukwaani mwenye mkasi alikuwa yeye.

Hollywood alijaribu mara ya mwisho mwaka 1942, kwenye filamu ya hadithi fupifupi iliyomfanya mkulima fukara anayeokota fedha zilizoanguka kutoka angani. Alikuwa ametumaini kuonyesha umaskini wa wakulima weusi wa kusini, akaishia kuona kichekesho. Aliilaani hadharani na hakuigiza tena filamu za Hollywood. Alikuwa na miaka 44.

Mwaka uliofuata ndio uliomfikisha kileleni, na hapakuwa na kamera. Oktoba 19, 1943, ukumbi wa Shubert, New York, aliingia kama Othello, jemadari mweusi wa tamthilia ya Shakespeare, akawa mtu mweusi wa kwanza kuicheza nafasi hiyo Broadway, kwenye kumbi kuu za maigizo za New York, kati ya waigizaji weupe. Margaret Webster aliongoza, Uta Hagen alikuwa Desdemona, mke wa Othello, José Ferrer alikuwa Iago, adui yake. Maonyesho yalifika 296, rekodi kwa Shakespeare Broadway. Kwa sisi tuliomjua Shakespeare darasani, Othello ni jina la kitabu cha shule. Kwa Robeson lilikuwa jambo la mwili. Alikuwa ameicheza mara ya kwanza London mwaka 1930, na Peggy Ashcroft, na alisimulia kwamba siku za mwanzo kila mwanamke yule alipomsogelea yeye alirudi nyuma, kwa sababu mtu aliyekulia Marekani alijua mguso kama ule ulimaanisha nini kwao. Kati ya mwaka 1930 na 1943 aliacha kurudi nyuma. Mabadiliko hayo hakuna mhariri aliyeyatengeneza. Na onyesho lile lilipokwenda kuzunguka miji, mkataba ulisema halitachezwa katika ukumbi wowote unaowatenga watu kwa rangi.

Baada ya vita mkasi ulichukuliwa na serikali. Robeson alisema waziwazi dhidi ya ubaguzi, aliipenda na kuisifu Urusi ya Kisovieti kupita nionavyo mimi ingestahili, na aliongoza baraza lililopigania uhuru wa makoloni ya Afrika. Mwaka 1949, huko Peekskill, watu waliovamia walizuia tamasha lake, na lilipofanyika wiki moja baadaye waliwapiga mawe wasikilizaji waliokuwa wakirudi nyumbani. Mwaka 1950 wizara ya mambo ya nje ikamnyang'anya pasipoti. Kumbi zikafungwa kwake. Alipokwenda mahakamani, wanasheria wa wizara walitaja kati ya sababu zao kwamba kwa miaka mingi alikuwa akifanya siasa kwa bidii kwa ajili ya uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Ningependa kila mwalimu wa historia wa Kenya na Tanzania aisome hoja hiyo darasani.

Kwa hiyo mtu huyu akaanza kuutoa mwili wake kwenye picha na kuiacha sauti isafiri. Mwaka 1952 alisimama juu ya lori kwenye mpaka wa Marekani na Kanada, upande wa Marekani, akawaimbia maelfu waliosimama pande zote mbili. Mei 1957 aliimba New York kwenye simu, na sauti ikapita kwenye waya uliolazwa chini ya Atlantiki mwaka mmoja kabla, ikatokea kwenye vipaza sauti vya ukumbi wa St Pancras, London, mbele ya watu waliokaa wakitazama jukwaa lisilo na mwimbaji. Miezi michache baadaye akawaimbia hivyohivyo wachimba makaa wa Wales. Pasipoti alirudishiwa mwaka 1958, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua kwa kura 5 dhidi ya 4, katika kesi ya mtu mwingine, kwamba wizara haikuwa na mamlaka ya kuwanyima raia pasipoti kwa ajili ya imani zao. Mwaka 1959 akacheza Othello kwa mara ya mwisho, Stratford, Uingereza, akiwa na miaka 61. Afya ikamwangusha muda si mrefu. Alifariki Januari 1976, Philadelphia.

Kinachonisumbua usiku ni hiki. Sanders ipo, safi, unaipata leo hii ukitaka, na ngoma za Zoltan zinaendelea kumtumikia yule mkuu wa wilaya kila inapochezwa. Othello ya Broadway haikupigwa filamu nzima. Kilichobaki ni santuri ambazo kampuni ya muziki ya Columbia ilirekodi na Robeson, Hagen na Ferrer. Kwa hiyo katika wiki ya mwisho ya mafunzo nawazimia vijana skrini zote, nafunga pazia, na naziweka zile santuri. Mwanzoni macho yao yanahangaika ukutani yakitafuta picha. Robeson anafika kwenye hotuba ya mwisho, ile ambayo Othello anawaomba wanaobaki wamsimulie kama alivyo, wasipunguze kitu wala wasiongeze kwa chuki. Kabla ya mstari huo ananyamaza, na hakuna mtu chumbani anayeweza kuufupisha ukimya ule.