Nusu ya watu wana kinga, mbona ugonjwa bado unaenea?

Kila nikifundisha modeli ya SIR, hesabu ya kuenea kwa ugonjwa inayowagawa watu katika walio hatarini kuambukizwa, wagonjwa na waliopona wakiwa na kinga, iliyotokana na kazi ya watafiti Kermack na McKendrick ya mwaka 1927, kuna jibu silikosi darasani. Mgonjwa mmoja akiwa anaambukiza wawili, yaani R0 ni 2, wanafunzi wanakokotoa 1 − 1/R0, yaani 1 − 1/2, na kutangaza: nusu ya watu wakishaugua na kupata kinga, mlipuko umekwisha.

Hesabu haina kasoro. Tafsiri ndiyo mbovu.

Tuseme siku nusu hiyo inapofikiwa kuna wagonjwa 1,000. Kila mmoja angeambukiza wawili, lakini kati ya hao wawili, kwa wastani mmoja ana kinga tayari. Kwa hiyo wagonjwa 1,000 wanazaa wapya karibu 1,000 wengine. Hao nao wanazaa pungufu kidogo, kisha pungufu tena. Hapo ndipo kileleni; kushuka ndiyo kwanza kunaanza, na kila hatua ya kushuka ina wagonjwa wake. Ukiiacha modeli iende hadi mwisho, walioambukizwa wanafika takriban asilimia 80, si 50. (Waache wanafunzi wajumlishe wenyewe kwa mkono, kompyuta inaficha utamu wote.)

Chanjo ni habari nyingine. Nusu wakipata kinga kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia, hakuna kundi la wagonjwa 1,000 linaloendelea kusukuma maambukizi. Mgonjwa mmoja anaambukiza mmoja tu kwa wastani, na moto haushiki.