Rangi Kupauka Si Lignini Kuvunjika

Nimeletewa kwa mara nyingine picha ya sahani ya agari (jeli ya kukuzia bakteria) yenye duara jeupe kuzunguka koloni, pamoja na maelezo ya furaha kwamba bakteria huyo "anavunja lignini", ile polima (molekuli kubwa ya vitengo vilivyoungana) inayoupa ubao ugumu wake. Ndani ya agari ile mlikuwa na rangi ya buluu ya viwanda vya nguo. Lignini haikuwamo hata chembe. ABTS, kemikali ya kupimia vimeng'enya kwa rangi, nayo hupokonywa elektroni kwa urahisi mno, hata lakasi (kimeng'enya kinachopokonya elektroni) CotA ya bakteria Bacillus subtilis huigeuza kijani bila taabu, ilhali sehemu kubwa ya lignini ni vitengo visivyo na fenoli huru, yaani kundi linalotoa elektroni kwa urahisi, ambavyo kimeng'enya cha nguvu hiyo hakivitikisi peke yake.

Wapo wanaojibu kwamba wao walitumia lignini yenyewe, tena ya krafti, na kimiminika kikapauka. Lignini ya krafti imetokana na mbao zilizochemshwa kwa hidroksidi na salfaidi ya sodiamu kwenye nyuzi joto 170 hivi, kwa hiyo bondi zake nyingi za β-O-4 (bondi za etha zinazounganisha vitengo vyake) zilikwisha kukatika kiwandani, na humo mna molekuli ndogondogo ambazo bakteria wengi wa udongoni hula bila kuigusa polima. Halafu kuna pH, kipimo cha asidi na alkali, suala linalonichosha kuliko yote. Lignini hii huyeyuka kwenye alkali. Ukiwawekea bakteria glukosi ili wakue haraka, watatoa asidi, pH itashuka, na lignini itaganda na kushikamana na seli. Ukizungusha mirija kwenye sentrifuji, kitonge cha chini kitatoka cha kahawia kama ugoro, kimiminika cha juu kitakuwa kimepauka, na kipimo cha mwanga kwenye nanomita 280, ambao lignini huufyonza, kitatangaza uvunjaji wa ajabu. Rudishia kitonge hicho alkali, uone lignini yako inavyorejea. Mrija usio na bakteria, uliotiwa asidi mpaka pH ileile, ungeumbua jambo hili mapema, mbona hauwekwi?

Hata kimeng'enya kikiigusa polima, kuigusa si kuivunja. Lakasi na peroksidasi hunyang'anya elektroni moja na kuacha radikali (molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza), ambayo huweza kukatika au kuungana na jirani yake. Mmea wenyewe hutumia vimeng'enya vya jamii hizohizo kuijenga lignini ukutani mwa seli. Ndiyo maana kromatografia ya jeli, inayotenganisha molekuli kwa ukubwa, huweza kuonyesha uzito wa molekuli umepanda badala ya kushuka. Bora zaidi ni kutia lignini alama ya kaboni-14 (kaboni yenye mionzi), kisha kupima hewa ya ukaa yenye alama hiyo.

Sisemi kwamba bakteria hawana lao. Sphingobium SYK-6, aliyepatikana katika majitaka ya kiwanda cha karatasi nchini Japani, huondoa hidrojeni kwa kimeng'enya LigD, kisha vimeng'enya LigE na LigF huikata bondi ya etha kwa glutathioni (molekuli ndogo ya seli), bila radikali. Ila hayo hufanyika ndani ya seli, juu ya vipande vidogo.

DypB, kimeng'enya cha bakteria Rhodococcus jostii RHA1, iliyoelezwa mwaka 2011 kuwa peroksidasi ya lignini, bado inanitatiza. Hufungashwa ndani ya kibweta cha protini, enkapsulini, humo humo ndani ya seli, na polima ya lignini ni kubwa mno kupenya utando. DypB na lignini zinakutania wapi? Vifuko vya utando wa nje, ambavyo mwaka 2020 vilionyeshwa kubeba vimeng'enya vya bakteria Pseudomonas putida hadi nje ya seli, ni jibu linalonivutia, lakini Rhodococcus hana utando wa nje wa aina hiyo, na kilichomeng'enywa na vifuko vile kilikuwa molekuli ndogo.