Mazoezi makali ya kikundi: kocha wako anajua dozi?

Mazoezi makali ya kikundi ni yapi hasa?

Ni yale ambayo watu kumi, ishirini au zaidi hufanya zoezi lilelile kwa pamoja, kwa kasi, huku saa ya ukutani ikihesabu na muziki ukimeza sauti ya anayehema vibaya. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni CrossFit, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000 na Greg Glassman na Lauren Jenai. Moja ya vipindi vyake maarufu huitwa Fran. Unaweka chuma cha kilo 43 mabegani (wanawake kilo 29 hivi), unachuchumaa, unainuka na kukisukuma hadi juu ya kichwa, mara 21. Kisha unajivuta kwenye bomba mara 21. Unarudia 15 kwa 15, halafu 9 kwa 9. Mapumziko hayajapangwa popote, na muda wako unaandikwa ubaoni mbele ya wote.

Ubao huo ndio chanzo cha lawama nyingi, na tunadhani lawama hizo zina haki. Kubeba kitu kizito kunajenga mifupa na misuli. Tatizo huanza pale mtu aliyechoka, ambaye mgongo wake umeshaanza kupinda, anapobeba chuma hicho mara nyingine kumi kwa sababu jirani yake bado anaendelea. Saa haioni mgongo. Wa kuuona ni kocha, kama yupo na kama anajua anachokitazama.

Kwa hiyo CrossFit inaumiza kuliko mazoezi mengine?

Ushahidi hausemi hivyo. Ukihesabu majeraha kwa kila saa 1,000 za mazoezi, yanakaribiana na ya wanyanyua vyuma, na ni pungufu ya yale ya raga. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014 uliwahoji watu 386 wanaofanya mazoezi hayo: karibu mmoja kati ya watano alikuwa ameumia, bega likiongoza na mgongo wa chini ukifuata. Ndani ya utafiti huohuo kulikuwa na jambo linalogusa mada yetu moja kwa moja, kwamba pale makocha waliposhiriki kusimamia mienendo ya watu, majeraha yalipungua.

Wakosoaji nao wana doa lao. Mwaka 2013 jarida la NSCA, chama cha Marekani kinachotoa vyeti vya ukocha na hivyo mshindani wa CrossFit sokoni, lilichapisha takwimu za walioumia ambazo baadaye mahakamani zilionekana kuwa za uongo. Makala yote iliondolewa 2017. Ukikuta mtu bado anaitaja, jua hajafuatilia.

Kama ni hivyo, makocha wanalaumiwa kwa nini?

Kwa sababu mlango wa kuingilia ni mpana mno. Cheti cha daraja la kwanza cha CrossFit hupatikana kwa kozi ya siku mbili yenye mtihani mwishoni, na ukiwa nacho unaruhusiwa kufundisha darasa. Madaraja ya juu yapo na yana uzito, ila mteja wa kawaida hajui kuuliza kocha wake yuko daraja lipi. Serikali nazo hazisaidii. Kinyozi katika majimbo mengi ya Marekani anahitaji leseni ya jimbo kabla ya kushika mkasi. Kocha anayemweka mtu chuma cha kilo 60 juu ya kichwa hadaiwi leseni ya aina hiyo.

Jambo la pili ni utamaduni. Katika miaka ya mwanzo CrossFit ilikuwa na vibonzo viwili vya vichekesho. Kimoja kilikuwa mchekeshaji anayetapika. Kingine, Uncle Rhabdo, kilichopewa jina la rabdo, ugonjwa wa misuli kupasuka tunaoueleza hapa chini, kilikuwa mchekeshaji hoi aliyeunganishwa na mashine ya kusafisha damu, figo yake ikiwa imedondoka sakafuni. Uongozi huohuo uliandika onyo juu ya ugonjwa huo mwaka 2005, na hilo tunalihesabu kwa upande wao. Lakini mgeni anayeona kutapika kunachekwa kama beji ya ushujaa hatasema "nimechoka" dakika ya nane.

Huo ugonjwa wa rabdo ni nini?

Jina kamili ni rabdomaiolisisi: chembe za misuli zinapasuka na vilivyomo vinamwagika kwenye damu. Msuli ukitumikishwa kupita akiba yake ya nishati, kalisi hujaa ndani ya chembe na kuibomoa. Vinavyomwagika ni vitatu vya kukumbuka. Potasiamu, ikizidi, huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuusimamisha. Mayoglobini, protini nyekundu inayotunza oksijeni ndani ya msuli, huziba vijifereji vya figo. Cha tatu ni kimeng'enya kiitwacho CK, ambacho hakimdhuru mtu bali ndicho maabara hukipima.

Hautokei CrossFit peke yake. Januari 2011 wachezaji 13 wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa walilazwa hospitali baada ya programu ya kurudi kutoka likizo. Ndani yake mlikuwa na kuchuchumaa mara 100 na chuma cha nusu ya uzito wa juu kabisa ambao kila mmoja aliweza kubeba. Walikuwa vijana wenye nguvu, ila waliongezewa dozi ghafla. Kichurachura cha adhabu nacho ni cha ukoo huohuo, na kocha anayewaadhibu waliochelewa kwa kuwarusha mara mia hafundishi mazoezi.

Nitatofautishaje na maumivu ya kawaida ya mazoezi?

Maumivu ya kawaida huanza baada ya saa 12 hadi 24, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Yanauma unapojongea, yanatulia unapokaa.

Rabdo huuma hata ukiwa umelala. Msuli huvimba na kukakamaa. Mtu aliyejivuta sana kwenye bomba hushindwa kunyoosha kiwiko au kufikisha mkono kichwani kuchana nywele. Nguvu hupotea. Mkojo hupungua, au hugeuka rangi ya chai ya rangi au soda ya kola. Usisubiri mkojo uwe mweusi ndipo uamini: wagonjwa wengi hawaoni kabisa dalili hiyo. Ganzi na maumivu makali yanayozidi kwenye mguu au mkono uliovimba ni dharura ya saa, kwa sababu shinikizo ndani ya msuli linaweza kukata damu, na hapo daktari wa upasuaji ndiye anayehitajika.

Zahanati ya kwetu haina kipimo cha CK. Nifanyeje?

Kijiti cha mkojo na hadubini vinatosha kuanzia. Kijiti kikionyesha damu nyingi lakini hadubini isione chembe nyekundu, kinachosomwa kinaweza kuwa mayoglobini. Hapa ndipo kosa hutokea. Kanda ya Ziwa mkojo mwekundu huitwa kichocho kabla mgonjwa hajamaliza kueleza, kwingine huitwa UTI, na mtu anarudi nyumbani na vidonge. Kwa hiyo anza wewe kusema: "Juzi nilifanya mazoezi makali, nilirudia zoezi hili mara kadhaa, na mkojo umebadilika." Omba rufaa siku hiyohiyo kwenda panapopimwa CK, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) na potasiamu.

CK ya zaidi ya vizio 1,000 kwa lita ndiyo mstari ambao madaktari wengi huutumia, ingawa mtu mzima wa afya anaweza kuuvuka baada ya mazoezi mazito bila kudhurika. Figo na potasiamu ndizo zinazoamua uzito wa jambo. Matibabu ni dripu ya maji ya chumvi kwa wingi, mkojo ukipimwa kila saa. Kuna wanaohitaji kusafishwa damu kwa muda.

Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni kutuliza maumivu hayo, kwani zinapunguza damu inayofika kwenye figo ambayo tayari iko taabani. Usichuliwe misuli kwa nguvu. Pombe iache kabisa. Na usijimwagie lita sita za maji tumboni kwa mkupuo ukidhani unasafisha figo: maji mengi kupita kiasi hushusha chumvi ya damu na kuleta degedege.

Nina kinasaba kimoja cha sikoseli, sijawahi kuugua. Nijihadhari?

Ndiyo, bila kuogopa mazoezi. Utafiti wa 2016 uliofuatilia karibu wanajeshi Weusi 48,000 wa Marekani uligundua kwamba wenye kinasaba kimoja hawakufa zaidi ya wenzao, ila hatari ya kupata rabdo ilikuwa juu kwa asilimia 54. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kinasaba hiki ni cha kawaida, kwa hiyo katika darasa la watu 20 huenda wapo wawili watatu wasiojijua. Ishara ya hatari kwa mwenye kinasaba hiki ni kuishiwa nguvu miguuni mapema, dakika chache tu tangu mbio za kurudiarudia zianze, misuli ikiwa laini na si ya kukaza. Huyo akisema hawezi, hawezi. Akae kivulini, apozwe, akizidi kulegea apelekwe hospitali. "Kaza, bado mbili!" ndilo neno baya kuliko yote kwa wakati huo.

Tahadhari hiyohiyo inawahusu waliotoka kwenye malaria au homa yoyote wiki hiyo, na wanaotumia dawa za kushusha lehemu za kundi la statini. Aliyepima presha akakuta 180 kwa 110 au zaidi atibiwe kwanza.

Ni zoezi gani linalomwangusha mgeni mara nyingi?

Lile analopewa kama nafuu. Mgeni asiyeweza kujivuta kwenye bomba huambiwa aruke hadi juu kisha ajishushe polepole. Kumbe kushuka ndiko kunakobomoa: msuli unarefuka huku umebeba uzito wa mwili mzima. Akifanya mara 50 siku ya kwanza, mikono yake inaweza kumlaza hospitali. Nafuu salama ni kuvuta kamba au chuma chepesi akiwa amekaa, mara 8 kwa raundi 3. Na kujivuta kwa kujibembeza kusubiri mpaka aweze angalau mara tano bila kujibembeza, la sivyo bega ndilo linalopokea mshtuko.

Nianzeje, au nirudije baada ya likizo ndefu?

Mwongozo wa pamoja wa makocha wa Marekani wa 2019 (NSCA ileile ya makala iliyoondolewa ilishiriki, na safari hii kazi ni nzuri) unatoa hesabu rahisi. Chukua kiasi kamili cha mazoezi yaliyokusudiwa: wiki ya kwanza punguza asilimia 50, ya pili 30, ya tatu 20, ya nne 10. Kama programu ina pushapu 100, wewe anza na 50, kisha 70, 80, 90. Mapumziko wiki ya kwanza yawe mara nne ya muda wa kazi: sekunde 30 za kazi, dakika mbili za kupumzika. Wiki ya pili mara tatu. Hesabu hii iliandikwa kwa wanamichezo. Mtu aliyekaa ofisini miaka mitano ashuke chini zaidi.

Joto la Dar es Salaam au Mombasa ni mzigo mwingine. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kulizoea. Mtu akianza kuongea ovyo au kuyumba kwenye joto, mmwagieni maji baridi mwili mzima palepale, kisha ndipo mtafute gari.

Kabla ya kulipa ada, nimuulize nini kocha?

Muulize mgeni wa wiki ya kwanza anafanya nini tofauti na wa mwaka wa pili. Akijibu "wote sawa, kila mtu ajitahidi," toka. Muulize mkojo mweusi baada ya mazoezi unamaanisha nini. Jibu linatakiwa litoke bila kusitasita. Tazama darasa moja ukiwa umekaa: je, amewahi kumpunguzia mtu chuma katikati ya zoezi, au kazi yake ni kupiga makofi na kupaza muziki? Kwa wageni, kocha mmoja kwa watu kumi au kumi na wawili tunaona ndiyo mwisho wa macho yake. Kisha mwambie utasimama ukichoka, muda wako usiandikwe ubaoni, na uone uso wake unavyobadilika.